Zamu ya Bomba

Mimi nilimpenda Kristian kwa mgongo wake kwanza. Najua wenzangu huanza na macho, au sauti, au jinsi mtu anavyotembea akitoka kanisani. Mimi nilianza na mgongo na wala sioni haya. Nilikuwa nachomelea kiungo cha bomba katikati ya shamba lake la mapeasi, akaja kuuliza kama miti tuliyoibakiza kando ya bomba itapona. Nikamwambia bila hata salamu, "Kaka, geuka huko. Ukiutazama moto huu, leo utalala na mchanga machoni." Akageuka. Nilidhani ataondoka. Hakuondoka. Alikaa juu ya jiwe, kanipa mgongo, akaendelea na maswali yake kana kwamba ndivyo watu wote wanavyozungumza.

Kesho yake akarudi, na keshokutwa pia. Alileta mapeasi ndani ya kofia yake, akayaweka chini nyuma yake, kisha akakalia jiwe lake. Mimi nachomelea, yeye anasimulia: baridi ya mwezi wa saba inavyounguza mboga, mama yake anavyoimba sauti ya tatu kwenye kwaya, baba yake anavyougawa mfereji wa kijiji, na yule babu wa baba yake aliyechimba mfereji juu kabisa mgongoni mwa mlima, mahali ambapo maji hayajafika hata tone. Babu yule kila akiulizwa alikuwa anajibu, "Kesho yatafika," na mpaka leo watu wa Kwemazi wanauita Mfereji wa Kesho, wakipita wanacheka. Kila nilipomaliza kiungo nikainua kofia yangu ya chuma nipumue, nilikuta lile shati la drafti lililofifia mabegani linanisubiri.

"Naweza kugeuka sasa?" alikuwa anauliza.

"Geuka."

Hapo ndipo nilipoyapata macho, na macho yenyewe yalinimaliza. Nasema haya ili ujue nilikuwa na nini cha kupoteza Jumamosi ile.

Tulikuwa tunajenga bomba la gesi linalotoka pwani kwenda kaskazini. Sijui ni nani huko ofisini aliyechora mstari ukapanda Usambara badala ya kuzunguka, ila siku ya kwanza nilipotazama juu kutoka bondeni nilicheka peke yangu. Mlima umesimama wima, ukungu umeufunika kuanzia kifuani, halafu eti chuma kinene kama pipa la mafuta kipite huko. Na kimepita. Miezi mizima mitambo ilipanda imefungwa kamba za chuma, mmoja unaushikilia mwingine, ikibeba vipande vya bomba taratibu kama mama aliyembeba mtoto mwenye homa, na mimi nyuma yake na moto wangu. Sasa vipande vyote vilikuwa kitu kimoja, kuanzia bondeni kwenye mfereji wa Kwemazi mpaka juu kileleni. Kilichobaki ni kulijaza maji na kulibana kwa nguvu, tuone kama viungo vinashika. Kazi ikienda vizuri, Jumatatu kikosi chetu kilikuwa kinashuka upande wa pili, Mnazi, kuendelea mbele.

Shida yangu ilikuwa hiyo Jumatatu. Mzee Yohane, baba yake Kristian, alikuwa amesema neno moja tu juu yangu, mezani, mbele ya mwanawe: "Mtu wa bomba ni mpita njia. Leo yuko hapa, kesho yuko Mnazi, baada ya hapo hujui. Mwanangu haoi mpita njia." Kristian ndiye mtoto wao pekee wa kiume, naye alishaniambia wazi, "Shukrani, sitakuoa kwa kumtoroka baba." Nami nikamjibu kwa hasira zangu za Kimasasi, "Na mimi sitampigia mtu magoti ili anione." Basi tukawa tunangoja, hatujui tunangoja nini. Jumatatu ikifika bila neno la mzee, ningeshuka Mnazi na mambo yangeishia hapo.

Asubuhi ile ilikuwa na baridi ya kutoa moshi mdomoni. Kijiji kizima kilikuwa kimejipanga ukingoni mwa mfereji, kwa sababu mkutano ulikuwa umekubali kuligawia bomba zamu ya maji. Kila nyumba ingekosa maji ya kabichi siku hiyo ili bomba linywe. Pampu yetu ilikuwa inanguruma tayari. Injinia Danieli, bosi wangu, kijana ambaye suruali yake huwa safi hata kwenye tope, akamwendea Mzee Yohane aliyekuwa amekaa kwenye banio, pale mlango wa mbao unapozuia maji yasiingie mferejini.

"Shikamoo, mzee. Sisi tuko tayari. Fungua tu."

"Marahaba. Mwenye zamu yuko wapi?"

"Ni zamu ya bomba, mzee. Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana. Nauliza mwenye zamu yuko wapi, nimwone."

Danieli akalionyesha bomba kwa kidole. Watu wakacheka. Mzee hakucheka.

"Basi lije lisimame hapa na jembe," akasema. "Mfereji huu ndivyo ulivyo tangu zamani. Maji hayafunguliwi mpaka mwenye zamu asimame mbele yangu na jembe mkononi. Yakipasua ukingo yakabomoa tuta la jirani, tunamjua wa kwenda kulijenga. Bomba likipasuka juu ya mashamba ya watu, nimfuate nani? Nimfuate pampu?"

"Nitasimama mimi," Danieli akasema.

"Una nyumba inayokunywa mfereji huu?"

"Sina."

"Basi husimami. Anayesimama ni mtu wa nyumba ya hapa."

Danieli akanitazama. Sijui kwa nini watu wakikwama hunitazama mimi, labda kwa sababu ya mdomo wangu. Pampu inakula dizeli, jua linapanda, na kule juu mlimani viungo vyangu vinangoja. Nikavuka tope nikasimama mbele ya mzee.

"Nipeni jembe," nikasema. "Viungo vya kule juu nimevichomelea mimi. Vikipasuka, nifuateni mimi."

"Jembe la nani?" mzee akauliza.

"La yeyote, mzee! Jembe ni jembe."

Nilisikia maji tu yakisukumana nyuma ya ule mlango wa mbao. Kisha katikati ya wanawake akainuka mama yake Kristian, mwanamke mfupi mwenye sweta la bluu, ambaye hakuwahi kunisemesha zaidi ya salamu. Alikuwa na jembe lake mwenyewe, mpini umeng'aa kwa kushikwa. Akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Shika, mwanangu," akasema.

"Asante, mama."

Nikashika, nikasimama kama askari wa gwaride. Ghafla vigelegele! Wanawake walipiga vigelegele mpaka ng'ambo ya bonde ikaitikia. Nilidhani wanashangilia maji, basi nikatabasamu, nikaliinua jembe juu. Vigelegele vikazidi. Mzee Yohane alimtazama mkewe kwa muda mrefu. Mkewe alikuwa anatazama vilima, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha maharage jikoni. Mwishowe mzee akauvuta mlango, maji yakaingia.

Aliyenifungua macho ni Loveness, binti wa Kwemazi ambaye kazi yake ni kupaka viungo vyangu dawa ya kuzuia kutu. Alinifuata huku anajishika mbavu.

"Hongera, dada Shukrani!"

"Ya nini?"

"Unaniuliza? Umeshaolewa."

"Acha utani, Loveness."

"Utani gani? Hapa kwetu Kwemazi mama akimpa msichana jembe lake banioni, watu wakiona, amesema huyu ni wa nyumba yangu. Kanisani mtakwenda kukata keki tu. Na wewe ukaliinua juu! Hakuna bibi harusi aliyewahi kuliinua juu!"

Nilihisi masikio yananiwaka. Kristian alikuwa amesimama karibu na pampu, na nilipomwona uso wake nikajua kila kitu.

"Ulijua?"

"Nilijua mama alipoinuka."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema nini? Mama, mnyang'anye?"

"Ungeniita! Nimesimama pale nainua jembe mbele ya kijiji kizima kama mwendawazimu!"

"Ulipendeza."

"Kristian!"

Tabasamu likatoweka usoni mwake. Akanisogelea, sauti akaishusha. "Miezi yote hii mama hajasema lolote, Shukrani. Anapika, anaimba, anakaa kimya. Leo amesema mbele ya watu, na mbele ya baba. Nilitaka neno lake lisikike."

"Na mimi nilitaka kuulizwa. Nikiingia nyumba ya watu nataka niingie kwa mlango, nikijua naingia. Sasa baba yako atasema mpita njia kamtega kwa jembe la mkewe." Machozi yalikuwa yamefika, nikayakatalia. "Sitaki kuuona uso wako leo."

Akanitazama kidogo. "Sawa," akasema kwa upole, akageuka palepale akanipa mgongo.

Nilikaribia kucheka. Hasira ndiyo iliyonisaidia.

Nikamtafuta mama yake nimrudishie jembe lake, nikaambiwa amekwenda nyumbani kupika. Nikampelekea mzee. Hata mkono hakunyoosha.

"Si mimi niliyekupa," akasema. "Na zamu haijaisha. Mwenye zamu hufuata maji yake mpaka yanapoishia, na mimi hufuata niyaone yamefika. Twende."

"Maji haya yanaishia juu ya mlima, mzee."

"Mlima wetu naujua ulipo."

Tukapanda. Bomba lilikuwa limelala ndani ya mtaro wake, halijafukiwa bado, nasi tulifuata ukingo, yeye mbele, mimi nyuma na jembe begani. Kristian alikuja mbali nyuma yetu, na kila nilipotupa jicho aligeuka haraka, akabaki amenipa mgongo katikati ya mteremko, karibu adondoke. Nilikuwa nimekasirika kweli, lakini moyo haukujua uelekee wapi.

"Kwenu wapi?" mzee akauliza bila kugeuka.

"Masasi, mzee."

"Kuna milima?"

"Kuna majabali makubwa. Si kama haya."

"Na mama yako anajua ulipo?"

"Anajua mkoa."

"Mh," akasema, akaendelea kupanda.

Tulipofika kwenye kipande chenye mwinuko mkali kuliko vyote, akasimama kupumzika. Pembeni ya kiungo kimojawapo aliona herufi na namba zilizoandikwa kwa rangi kwenye chuma.

"Hii nini?"

"Alama yangu."

"Alama ya nini?"

"Ya kwamba kiungo hiki ni changu. Kila fundi ana yake, na inaandikwa pia kwenye ramani zao. Kikivuja, hata nikiwa nimehamia wapi, wanatafuta alama wananijua."

"Hata miaka ikipita?"

"Hata nikiwa bibi."

Alipitisha kidole gumba juu ya ile rangi kama mtu anayepima ngano. Nikaona ni afadhali niseme mimi.

"Weka sikio, mzee. Utasikia."

Akashuka mtaroni, akapiga goti, akaweka sikio kwenye bomba. Nilimwona uso unabadilika.

"Linapumua," akasema.

"Ni hewa. Maji yanaisukuma itokee kule juu."

"Na maji yenyewe?"

"Yako chini yetu. Yanakuja."

"Yanakuja juu?"

"Yanapanda, mzee."

"Maji hayapandi," akasema. Hakusema kwa ubishi. Alisema kama mtu anayetaja jina la mtoto wake. Umri wake wote ameyaongoza maji kwa mteremko, anajua kila inchi yanapokubali na yanapokataa, na sasa mimi namwambia neno ambalo halipo katika kazi yake.

Nikashuka mtaroni, nikauchukua mkono wake. Hata sasa nashangaa nilipata wapi ujasiri huo. Nikauweka juu ya bomba. "Hapa ni joto, sivyo? Jua limelichoma tangu asubuhi. Sasa tushuke kidogo." Tukashuka hatua kadhaa, kiganja chake kikipapasa chuma, na ghafla akakiondoa kama aliyeguswa na nyoka.

"Baridi!"

"Maji yako hapo, mzee. Maji ya mfereji wako. Juu ya hapo bado hayajafika."

Akakirudisha kiganja. Akakisogeza mbele, joto, nyuma, baridi. Akapata ule mpaka, akautulizia mkono. Tukangoja. Taratibu, taratibu sana, baridi ikasogea chini ya vidole vyake kuelekea mlimani. Yule mzee akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima, kama mtoto aliyeonyeshwa mwezi. Akapiga hatua moja kuufuata ule mpaka. Kisha nyingine. Hakunitazama tena. Alipanda mlima mzima hivyo, ndani ya mtaro, mkono mmoja juu ya bomba, akitembea sambamba na maji yaliyokuwa yanapanda gizani ndani ya chuma. Pale yaliposita, naye alisita. Pale yalipoongeza mwendo, naye alikaza miguu.

Nami nilitembea ukingoni juu yake na mwili wote unanisisimka. Nimeshalijaza maji bomba mara nyingi, kila mara niliangalia mita na saa na chai yangu. Sikuwahi kufikiri kwamba tunafanya jambo la ajabu namna hii. Ilibidi niazime macho ya mzee asiyenitaka ndipo niione kazi ya mikono yangu.

Juu kabisa upepo ulikuwa unavuma. Upande tuliotoka kulikuwa na Kwemazi, matuta ya kijani yamepangwa kama mikeka kwenye mteremko. Upande wa pili mlima unakatika ghafla, na chini, mbali sana, tambarare ya Mnazi imetandazwa nyekundu mpaka macho yanapochoka. Katikati ya uwekundu ule uliweza kuuona mstari mwembamba uliosafishwa miti, njia ya bomba, njia yangu. Niliutazama nikasikia uchungu.

Ismaili, fundi wetu wa valvu, alikuwa amekaa pale bomba lilipofungwa kifuniko kwa muda. Valvu ilikuwa wazi, hewa inatoka kwa mvumo, nyasi zote mbele yake zimelala chini.

"Onga mshi," mzee akamsalimu kwa Kishambaa, akakumbuka, akarudia kwa Kiswahili. Kisha akakaa juu ya ukingo wa kijishimo kirefu kilichojaa majani makavu, kinachopinda kufuata mgongo wa mlima. Sikuhitaji kuambiwa. Ulikuwa ndio Mfereji wa Kesho.

"Babu yangu alianzia huku," mzee akasema, macho hayatoki kwenye valvu. "Alichimba kutoka mwisho kuja mwanzo, ili maji yakija yakute nyumba iko tayari. Alipofika kwenye maji akakuta yako chini ya mfereji wake. Alikosea. Watu walicheka mpaka baba yangu akaacha shule kwa kuchekwa. Mimi nikaamua kwamba maji ya Kwemazi hayatapotea tena kwa kukosa mtu wa kuyafuata."

"Kristian aliniambia habari za babu," nikasema. "Hakuwa anacheka."

"Hapana," mzee akasema. "Huyo hajawahi kucheka."

Valvu ikakohoa. Ismaili akasimama. Ikakohoa tena, ikatema matone, ikanyamaza, ikatema tena hewa na maji vikigombana. Kisha mlio ukabadilika, ukawa mzito, na maji yakatoka. Yalitoka meupe, yameshupaa, yakaruka juu kuliko vichwa vyetu na kuangukia mawe.

"Mazi!" mzee akapiga kelele kwa lugha ya kwao. "Mazi!"

Akavua kofia. Alisimama amelowa uso, mvi zimemganda kipajini, anaitazama ile chemchemi ya chuma mahali ambapo tangu Mungu aumbe Usambara hapajawahi kufika maji ya mfereji.

Akaninyooshea mkono bila kunitazama. "Jembe."

Nikampa. Nikajiambia basi, Shukrani, amelichukua. Maji yamefika, zamu imekwisha, umetoka nyumba ya watu kama ulivyoingia, bila kuulizwa.

Lakini mzee hakuwa ananifikiria mimi. Alikuwa ameshainama. Alikata majani, akafungua mdomo mdogo kwenye udongo, akapiga jembe tena na tena, mzee wa umri ule, mpaka yale maji yaliyokuwa yanapotea ovyo mawemawe yakageuza uso na kuingia kwenye Mfereji wa Kesho. Yakasukuma majani makavu mbele yake. Yakasita kwenye kona ya kwanza, yakajaa, yakapita. Mzee akatembea nayo pembeni. Alikuwa anazungumza kwa Kishambaa, sauti ya chini, na hakuwa anazungumza na yeyote kati yetu. Kona ya pili, kona ya tatu. Babu alikuwa amechimba vizuri. Maji hayakumwagika hata mahali pamoja. Nikalia waziwazi, wala sikujificha.

"Mzee, nifunge?" Ismaili akaita.

"Bado kidogo."

Tukamngoja mpaka alipofika mwisho, mahali mfereji unapoishia kwenye majani tu, akasimama akatazama maji yanavyoenea. Akainua mkono. Ismaili akafunga. Mlima ukawa kimya, nikasikia ndege.

Aliporudi, viatu vyake vilikuwa vimejaa tope na jembe vilevile. Nikaona nisimngoje.

"Mzee," nikasema, "asubuhi nilipochukua jembe hilo sikujua maana yake. Nakuapia. Sitaki useme nimeingia kwako kwa hila. Umeshalipokea, basi yameisha."

"Nimelipokea?" Akalitazama kama ndiyo kwanza analiona. "Nimeliazima. Unampenda mwanangu?"

Sikutegemea kuulizwa hivyo, kavukavu, juu ya mlima, na pua inanichuruzika.

"Nampenda," nikasema. "Nampenda mpaka naona aibu."

"Na Jumatatu?"

"Nashuka Mnazi."

"Nikikuambia ubaki?"

"Nitashuka, mzee. Sitakudanganya. Kazi ile ni yangu na sijaimaliza. Lakini nitarudi. Viungo vyangu viko juu ya shamba lako, vina alama yangu. Niende wapi?"

Aliugeukia ule mstari kule chini Mnazi, akautazama mpaka unapopotelea. Upepo ulimpeperusha koti. Nilikuwa nimeshika pumzi kama fundi anayesubiri picha ya eksirei ya kiungo chake.

"Nilisema mpita njia," akasema mwishowe. "Sikujua kama mnaacha majina." Akakuna kidevu. "Vijana wetu wanashuka Dar kuuza kabichi, wanakaa huko wiki nzima, wengine mbili, na hakuna aliyewahi kuwaita wapita njia. Sijui kwa nini nilikuita wewe."

"Na kesho tukilibana bomba, kiungo changu kikivuja?"

"Tutamjua wa kwenda kulijenga tuta," akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona Kristian amerithi wapi yale macho.

Akanirudishia jembe. Kwa mikono miwili, kama mkewe.

"Sikiliza. Jembe la mgeni hurudishwa banioni. Jembe la mtu wa nyumbani hukaa nyuma ya mlango wa jikoni. Kaliweke. Ukirudi kutoka Mnazi utalikuta palepale. Na ulioshe kwanza, mama mwenyewe hapendi tope jikoni mwake."

"Ndiyo, mzee."

"Tate," akanisahihisha, neno lao la baba, akavaa kofia yake na kuanza kushuka.

Kristian alikuwa chini kidogo, kando ya njia, ametupa mgongo tangu tulipofika, mtiifu kama siku ile ya kwanza shambani. Hakuwa ameona maji yakiruka. Hakuwa ameona Mfereji wa Kesho ukijaa. Alikuwa amesikia tu. Mzee alipompita alimgusa bega, akamwambia neno moja ambalo upepo ulilichukua, akaendelea na safari yake bila kusimama. Nikaona lile shati la drafti linatetemeka mabegani.

Nilitelemka mpaka nyuma yake, nikasimama, jembe mkononi. Maji yalikuwa bado yanatiririka mahali fulani juu yetu, yakitafuta njia ya kurudi Kwemazi.

"Naweza kugeuka sasa?" akauliza, sauti imekatika.

Nilimwacha asubiri kidogo. Nilikuwa na deni hilo la kumdai tangu asubuhi.

"Geuka," nikamwambia.